Jinsi ya Kuotesha Nyasi za Uwanja wa Nyumbani, Kuanzia Udongo Mtupu

Kila msimu maswali ni yaleyale. Kwa nini nyasi nilizopanda zimekauka? Nimwagilie mara ngapi kwa siku? Mbona magugu yameota mengi kuliko nyasi? Nimekuwa nikiyajibu moja moja, sasa nayaweka yote mahali pamoja.

Jambo moja ulijue kabla hujashika jembe: karibu maswali hayo yote jibu lake limo udongoni, katika wiki tatu au nne kabla nyasi hazijagusa ardhi. Watu huona hamu ya kupanda, na naielewa, lakini sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kabla ya kupanda.

Amua mambo matatu kwanza

La kwanza ni jua. Chagua siku isiyo na mawingu, usimame uwanjani asubuhi, mchana na jioni, uhesabu saa ambazo jua linapiga moja kwa moja. Ukipata saa sita au zaidi, una uhuru wa kuchagua. Ukoka wa kawaida (Cynodon dactylon) hupenda jua kali, hustahimili ukame na kukanyagwa, ila kivulini hukonda mpaka udongo ukaonekana. Nyasi za kikuyu hukua kwa kasi na kuziba mapengo upesi, lakini zitakulazimisha kukata mara kwa mara na zitaingia kwenye vitalu vya maua bila kubisha hodi. Zile za majani mapana za jamii ya Stenotaphrum huvumilia kivuli kidogo. Penye majira ya baridi kali hupandwa zaidi nyasi za jamii ya Festuca na Lolium. Chini ya mti mkubwa ambako jua halifiki kabisa usipande nyasi. Weka matandazo au mimea ya kivulini, ujiokoe na huzuni ya kupanda upya kila mwaka.

La pili ni njia ya kupanda. Ziko tatu: vipandikizi (vipande vya mashina yanayotambaa), mbegu, na mikeka ya nyasi iliyokwisha kukua. Mikeka ni ghali lakini uwanja hupendeza siku hiyohiyo. Mbegu ni nafuu na nyepesi kubeba, ila zinadai uangalizi mkubwa wa maji. Vipandikizi ndivyo ninavyovipendekeza kwa anayeanza na ukoka au nyasi za kikuyu, kwa sababu ukikosea kidogo vinakusamehe, na mara nyingi jirani mwenye uwanja mzuri atakupa gunia zima.

La tatu, na hili husahaulika, ni maji. Uwanja mpya unahitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita moja ya mraba. Uwanja wa mita 8 kwa 5 una mita za mraba 40, kwa hiyo unataka lita 1,000 kila wiki, mvua ikiwamo. Kama maji hayo huna, subiri mwanzo wa mvua. Nyasi za maeneo ya joto hupandwa vizuri zaidi mvua au joto linapoanza, na zile za maeneo ya baridi hupandwa joto kali linapopungua.

Vitu vya kuwa navyo

- Utepe wa kupimia, vigingi na kamba
- Jembe la kawaida na jembe la meno
- Sepetu, toroli na reki ya chuma
- Ubao mnyoofu wa mita 2 na pimamaji, ile wanayotumia waashi
- Mboji au samadi iliyooza kabisa
- Mbolea ya kupandia yenye fosforasi, mfano DAP
- Mpira wa maji wenye kichwa cha kunyunyizia, au keni ya kumwagilia yenye matundu madogo
- Kopo lenye kuta zilizonyooka, la kupimia maji
- Kisu kikali, kama unatandika mikeka
- Glavu

Kuhusu mboji, piga hesabu mapema. Tabaka la sentimita 4 juu ya mita za mraba 40 ni lita 1,600. Toroli la kawaida hubeba takriban lita 60, kwa hiyo unahitaji kama matoroli 27. Wengi huleta matano, wakayatawanya, kisha wakashangaa mbona udongo haukubadilika.

Hatua kwa hatua

1. Chimba mashimo matatu ya majaribio. Kila moja liwe na kina cha sentimita 30, katika pembe tofauti za uwanja. Kama nyumba ilijengwa miaka ya karibuni, jiandae kukuta vipande vya tofali, mifuko ya saruji, misumari na udongo mgumu uliofukuliwa kwenye msingi. Vyote vitoke. Penye saruji iliyomwagika udongo huwa na chokaa kupita kiasi, na nyasi zake hugeuka njano hata ukizilisha vipi. Ondoa udongo huo, ulete mwingine.

Jaza maji kwenye kila shimo. Yakiisha, jaza tena, uangalie saa. Maji ya mara ya pili yakibaki shimoni mpaka kesho yake, tatizo lako la kwanza ni kutuama kwa maji, na ulitatue katika hatua ya 3 kabla ya kufikiria nyasi.

2. Ng'oa magugu ya kudumu kwa mizizi yake. Hapa usiwe na haraka. Magugu ya msimu mmoja hayanitishi. Ninaowaogopa ni wawili: ndago na sangari.

Ndago inafanana na nyasi, lakini ukilishika shina lake utahisi lina pembe tatu. Ukilivuta linakatika, unabaki na majani mkononi na ushindi wa uongo. Chimba kwa jembe la meno kando yake, inua bonge la udongo, ulivunje polepole. Utaona uzi mweusi mwembamba, mgumu kama waya, na mwisho wake kiazi kidogo cheusi kama ukubwa wa harage. Ukiufuata uzi utakuta kingine, na kingine. Kila kiazi kinachobaki ni mmea mpya, na ndago hutoboa hata chini ya mikeka mipya. Viokote, vitie kwenye ndoo, wala usivitupe kwenye lundo la mboji.

Sangari yeye hutambaa chini kwa mizizi mirefu myeupe yenye ncha kali. Usimkatekate kwa jembe bapa wala kwa mashine ya kulimia, kwa kuwa kila kipande chenye kifundo huota upya. Jembe la meno humtoa mzima.

Uwanja ukiwa umejaa magugu haya kila mahali, dawa ya kuua magugu inayoshuka hadi mizizini hupunguza kazi. Fuata kipimo na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa, vaa glavu, usipulizie penye upepo, na weka watoto na mifugo mbali mpaka dawa ikauke.

3. Panga mteremko. Uwanja unaoonekana tambarare unatakiwa uteremke kidogo, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na ukuta wa nyumba. Piga vigingi, funga kamba, tumia ubao na pimamaji. Mita 5 kutoka ukutani, ardhi iwe chini kwa sentimita 5 hadi 10. Ukihamisha udongo mwingi, ondoa kwanza ule wa juu wenye rutuba uuweke kando, sawazisha ule wa chini, kisha urudishe wa juu. Anayechanganya yote pamoja huzika chakula cha nyasi.

Kando ya njia ya zege, acha udongo chini ya ukingo kwa sentimita 2, au 3 kama unatandika mikeka.

4. Lima na changanya mboji. Kina cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha. Kwanza finyanga udongo kiganjani: ukishikamana kama ugali na ukateleza, umelowa mno, subiri siku mbili tatu, kwa maana ukilima ukiwa hivyo utapata mabonge yatakayokauka kama mawe. Ukivunjika ukiugusa kwa kidole, endelea.

Tandaza mboji sentimita 3 hadi 5 na uichanganye hadi chini. Mboji ni dawa ya udongo wa aina zote mbili: mfinyanzi huulegeza, kichanga hukifanya kishike maji. Usimwage mchanga kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi ukidhani unaulegeza, maana mchanganyiko huo hugandamana na kuwa mgumu kuliko mwanzo. Samadi mbichi nayo iache. Inaunguza mizizi michanga na imejaa mbegu za magugu.

Ukiweza kupima uchachu wa udongo, nyasi nyingi hufurahia pH ya 6 hadi 7. Chokaa huongezwa pale tu kipimo kimeonyesha upungufu, kamwe usiiweke kwa kubahatisha.

5. Usipande bado. Sawazisha kwa reki, mwagilia uwanja mtupu, subiri wiki mbili hadi tatu. Majirani watakuuliza unamwagilia nini. Unamwagilia magugu, ili yaote yote kabla ya nyasi. Yakifika urefu wa kidole, yaparue kwa juu juu siku ya jua, yafie hapohapo. Usilime tena kwa kina, utaleta juu mbegu nyingine zilizokuwa zimelala. Ndago nazo katika wiki hizo hujitokeza wazi, unazifuata moja moja na jembe la meno. Ukiona bado zinaota kwa wingi, rudia mzunguko huu mara ya pili. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama mwaka kesho utakuwa unakaa kwenye nyasi au unapiga magoti kuzipalilia.

6. Shindilia kiasi. Tembea uwanja mzima kwa hatua fupi fupi, uzito ukiwa kwenye visigino, halafu pitisha reki, halafu tembea tena. Lengo ni unyayo wako uache alama ya kina cha sentimita 1 hivi. Ukizama zaidi ya hapo, udongo ni laini mno na utadidimia mvua ikinyesha. Nyunyiza DAP gramu 15 hadi 20 kwa kila mita ya mraba (kwa mita 40 ni gramu 600 hadi 800) na uichanganye kwa reki kwenye sentimita chache za juu. Kama udongo wako umepimwa, fuata majibu ya kipimo.

7. Panda.

*Kwa vipandikizi.* Vichukue asubuhi ya siku ya kupanda. Kata vipande vya sentimita 10 hadi 15, kila kimoja kiwe na vifundo viwili au vitatu, na muda wote viwe kivulini chini ya gunia lililoloweshwa. Vikiachwa juani nusu saa tu huanza kufa, na kwa macho hutaona tofauti mpaka wiki ya pili. Chora mifereji ya kina cha sentimita 5, iachane sentimita 15. Laza kipandikizi kwa mshazari, vifundo viwe chini ya udongo na theluthi moja yenye majani ibaki nje, kisha bana udongo kwa mguu. Kati ya kimoja na kingine acha sentimita 10 hadi 15. Mwagilia kila unapomaliza mistari mitatu minne, usingoje umalize uwanja.

Baada ya kama siku nane au kumi, fukua kipandikizi kimoja kwa kidole. Ukiona kwenye kifundo vimizizi vyeupe mfano wa nyuzi za kushonea, tulia, kazi inakwenda. Majani yake ya zamani huenda yakawa yamekauka kabisa, lisikusumbue, angalia kifundo.

*Kwa mbegu.* Soma tarehe kwenye pakiti, mbegu za zamani huota kidogo. Mbegu ndogo za ukoka huhitaji gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba, na zile kubwa za Lolium na Festuca gramu 25 hadi 40. Zichanganye na mchanga mkavu ili uone zinapoangukia. Gawa mafungu mawili: la kwanza limwage ukitembea kwa urefu wa uwanja, la pili kwa upana. Pitisha reki kwa wepesi, mbegu zisizame zaidi ya nusu sentimita, kisha kanyagia. Lolium huweza kuchipua ndani ya siku 5 hadi 10, ukoka hadi wiki tatu. Kumwaga mbegu nyingi kupita kipimo hakuleti nyasi nene, huleta miche dhaifu inayobanana na kuoza.

*Kwa mikeka.* Itandike siku iliyoletwa. Ikikaa imekunjwa zaidi ya siku moja huchemka kwa ndani, majani yakageuka njano. Udongo wa chini uwe na unyevu. Anzia kwenye ukingo ulionyooka, na mstari wa pili upishane na wa kwanza kama tofali za ukutani. Sukuma mkeka ubanane na mwenzake, usiuvute, kwa sababu ukivutwa utarudi nyuma ukikauka na kuacha ufa. Piga magoti juu ya ubao, si juu ya nyasi. Ukimaliza, pitisha rola ili mizizi ishikane na udongo.

8. Mwagilia kwa ratiba inayobadilika. Wiki mbili za kwanza, sentimita 2 za juu zisikauke kabisa: maji kidogo mara mbili au tatu kwa siku wakati wa jua kali, kwa manyunyu laini yasiyohamisha mbegu. Mikeka inataka maji yapenye hadi udongo wa chini, inua kona moja uhakikishe. Kuanzia wiki ya tatu punguza idadi ya mara na ongeza kiasi: mara moja kwa siku, kisha kila baada ya siku mbili, mpaka ufikie mara mbili au tatu kwa wiki. Mizizi hufuata maji, na ukinyunyiza juu juu daima mizizi itabaki juu juu.

Weka kopo katikati ya uwanja unapomwagilia. Jumla ya maji ndani yake kwa wiki ifike milimita 25. Wakati mzuri ni asubuhi na mapema. Baada ya wiki hizo mbili za mwanzo, maji ya usiku huacha majani yamelowa hadi alfajiri na kualika ukungu.

9. Kata kwa mara ya kwanza. Nyasi zikifika sentimita 7, shika chache uzivute. Ziking'oka, subiri wiki moja. Zikishikilia, kata zibaki sentimita 5. Kisu cha mashine au fyekeo kiwe kikali, udongo uwe mkavu. Kanuni ya kudumu: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Ukoka ukishakomaa unaweza kushushwa taratibu hadi sentimita 3 au 4, na kukatwa mara kwa mara ndiko kunakoufanya utambae na kuziba mapengo.

10. Lisha baada ya wiki 4 hadi 6. Tumia mbolea ya naitrojeni: CAN gramu 20 kwa mita ya mraba, au urea gramu 10. Mwaga majani yakiwa makavu, kisha mwagilia papo hapo. Konzi moja ya urea ikidondoka mahali pamoja huunguza mviringo mzima, kwa hiyo pima kwa mizani na ugawe mafungu mawili kama ulivyofanya kwa mbegu.

Uwanja wa vipandikizi huziba kwa miezi miwili hadi mitatu penye joto na maji ya kutosha. Kipindi hicho mpira usichezwe hapo. Dawa za kuua magugu pia zisubiri mpaka umekata mara tatu au nne, kabla ya hapo tumia mkono.

Mambo yakienda mrama

*Mbegu hazijaota.* Fukua uangalie. Ukizikuta kavu, maji hayakutosha. Zikiwa zimevimba na laini, zimeoza. Usipozikuta kabisa, ndege au sisimizi wamezibeba, au maji yamezikusanya sehemu za chini.

*Miche imeota, kisha inalala na kuoza shinani.* Ni ukungu wa maji mengi. Acha udongo wa juu ukauke kidogo kati ya mara moja na nyingine.

*Nyasi zina rangi ya kijivu na zikikanyagwa hazinyanyuki.* Zina kiu. Mwagilia siku hiyohiyo, zitarudi.

*Njano uwanja mzima.* Mara nyingi ni njaa ya naitrojeni. Lakini kama udongo unanuka na ni wa matope, usiongeze mbolea, punguza maji.

*Kingo za mikeka zinakauka.* Jaza nyufa kwa udongo laini uliochanganywa na mboji, na uzimwagilie kwa mkono.

*Majani yanaliwa usiku, na ndege wengi wanatua asubuhi.* Shuku viwavijeshi. Changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji kwenye ndoo ya lita 10, mwaga kwenye mita moja ya mraba, subiri dakika chache. Viwavi watapanda juu na utawahesabu. Wakiwa wawili watatu, ndege watawamaliza.

*Ndago zimerudi.* Chimba kila shina linapokuwa na majani machache tu, kabla halijatengeneza viazi vipya. Ukizifuata kila wiki bila kuacha, hudhoofika.

*Kiraka kimoja hukauka kabla ya pengine pote.* Chomeka bisibisi ndefu. Ikigoma, chimba. Chini ya kiraka cha namna hiyo niliwahi kutoa kipande cha zege kikubwa kama sinia, sentimita 8 tu kutoka juu, katika uwanja ambao hatua ya 1 ilifanywa kwa shimo moja. Tulijaza pengo kwa udongo na mboji, tukachomeka vipandikizi kumi na viwili kutoka pembezoni, na baada ya wiki sita kiraka hakikuonekana tena.